Kutoka Namba hadi Jina: Somo la Kuongoza Watumishi katika Nyumba za Sanaa, Kumbukumbu na Elimu



Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga wanalikumbuka vema neno "manamba". Ndilo jina waliloitwa vibarua walioandikishwa kutoka mikoa ya mbali, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alihesabiwa na kulipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuwaandikisha na kuwasafirisha vibarua hao, kikajulikana kwa jina la SILABU. Kibarua alipofika shambani alikabidhiwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama, na siku ambayo hakumaliza haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa.

Tuseme leo wakazi wa kata yetu wanaamua kuanzisha chumba cha kumbukumbu kando ya shule au ofisi ya kijiji. Ndani yake wataweka vyungu na vikapu vya kale, zana za kilimo, picha za mashamba ya mkonge, kipuri cha korona iliyokuwa ikisindika majani ya mkonge, na kipande kimoja cha zamani kilichohifadhiwa na familia ya mzee aliyekuwa manamba. Wanafunzi watakuja kusoma historia ya babu zao, na wageni watatoa kiingilio kidogo. Ni wazo jema. Lakini nani atakilinda chumba hicho usiku? Nani atawaeleza watoto maana ya kipande? Na je, majina ya watu hao, kazi zao, saa zao na malipo yao vitaandikwa wapi?

Nyumba inayoonesha kipande cha manamba kama kumbukumbu ya dhuluma, huku mlinzi wake mwenyewe akikesha miaka bila mkataba, haijajifunza chochote kutokana na kile inachokionesha. Somo la toleo hili linahusu jambo hilo: namna ya kuwaongoza watumishi katika taasisi ya sanaa, kumbukumbu au elimu isiyotafuta faida. Linamhusu pia kila mkazi aliye katika uongozi wa maktaba ya jamii, kikundi cha ngoma, kituo cha malezi ya watoto au shirika lolote dogo lenye hata mtumishi mmoja.

Kazi ya afisa rasilimali watu katika makumbusho

Makumbusho yetu ya Taifa yana historia ndefu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1934 jijini Dar es Salaam, na milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo taasisi hiyo ni familia ya vituo kadhaa: Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni na Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, Makumbusho ya Elimu Viumbe na ya Azimio la Arusha jijini Arusha, Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, na ya Mwalimu Julius K. Nyerere kijijini Butiama.

Mgeni anayeingia humo huona vitu: mafuvu ya kale, ngoma, silaha, magari ya viongozi. Nyuma ya kila kitu kuna mtu. Yupo mtaalamu anayejua unyevu unavyoharibu ngozi na mbao. Yupo mhifadhi anayeandika kila kitu kilitoka wapi na kwa nani. Yupo mwelimishaji anayepokea watoto 60 kwa mkupuo mmoja na kuwafanya wasikilize. Wapo mafundi, wahasibu, wasafishaji na walinzi. Anayehakikisha kwamba watu hao wote wamepatikana kwa haki, wanajua wajibu wao, wanalipwa kwa wakati, wanajifunza, wanasikilizwa na wanaondoka kwa heshima, ndiye kiongozi wa rasilimali watu. Zamani ofisi hiyo tuliiita ya utumishi, na katika halmashauri nyingi wananchi wangali wanaiita hivyo.

Kazi hiyo ina ugumu wake wa pekee katika taasisi za sanaa na elimu, kwa sababu tatu.

Kwanza, taasisi hizi hukusanya chini ya paa moja watu wa viwango tofauti sana vya elimu na mapato. Mwenye shahada ya uzamivu na mwenye elimu ya darasa la saba hulinda kitu kilekile. Kiongozi asipokuwa mwangalifu, heshima yote humwendea wa kwanza.

Pili, fedha zake hutegemea wafadhili, ruzuku na kiingilio. Mfadhili akipenda kugharimia maonesho na asipende kugharimia mishahara, taasisi hujikuta ina kabati jipya la kioo lakini haina mtu wa kulifuta vumbi.

Tatu, watu hufanya kazi hizi kwa mapenzi, na mapenzi ni rahisi kunyonywa. Mtu akiipenda historia ya kwao, ni rahisi kumwambia, "Jitolee tu, ni kazi ya jamii." Mwaka wa kwanza atajitolea kwa furaha. Mwaka wa tatu atakuwa na uchungu. Mwaka wa tano ataondoka, na kila alichokijua ataondoka nacho.

Kisa cha mlinzi wa usiku

Mwaka 1972 ilianzishwa jijini Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, taasisi iliyotokana na juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Vijana wenye vipaji walipata humo mahali pa kufanyia kazi, vifaa na soko la kazi zao. Ilikuwa nyumba ya sanaa na darasa kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa watu waliopata ajira humo katika miaka ya mwanzo alikuwemo George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania. Hakuingia kama msanii. Ndugu yake mkubwa katika ukoo, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi ya ulinzi wa usiku. Lakini Lilanga alikuwa mchongaji tangu kwao, na kazi za mikono yake zilipoonekana na wenye nyumba, alipewa nafasi miongoni mwa wasanii. Akachonga, akachora, akapaka rangi. Hadi alipofariki dunia mwaka 2005, vinyago vyake na michoro yake ya mashetani wenye masikio makubwa na vicheko vilikuwa vimeoneshwa Ulaya, Marekani na Asia, na jina lake lilikuwa mojawapo ya majina makubwa ya sanaa ya Afrika.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama habari ya kipaji. Sisi tukisome kama habari ya uongozi. Kipaji kilikuwapo tayari getini, usiku kucha, kikilinda kazi za wengine. Kilichobadilisha mambo ni kwamba kulikuwa na mtu aliyemtazama mlinzi na kutaka kujua anaweza nini zaidi ya kulinda, na taasisi ikawa tayari kumhamisha kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Hiyo ni kazi ya rasilimali watu hata pale ambapo hakuna afisa mwenye cheo hicho.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, Makumbusho ya Sanaa ya Baltimore nchini Marekani yaliwapa walinzi wake 17 jukumu la kuchagua na kuandaa maonesho kutoka katika hazina ya makumbusho hayo. Hoja ilikuwa nyepesi: hakuna mtu anayekaa na picha hizo saa nyingi kuliko mlinzi, kwa hiyo ana la kusema juu yake. Walinzi hao walifundishwa kazi ya kuandaa maonesho na kulipwa kwa kazi hiyo ya ziada.

Lakini kutambua kipaji bila kutengeneza masharti ya kazi hakutoshi. Katika mwaka huohuo wa 2022, wafanyakazi wa Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, nchini humohumo, waligoma kwa siku 19 wakidai mshahara bora, bima ya afya na likizo ya uzazi yenye malipo. Hii ni taasisi kubwa yenye jina duniani. Ukubwa wa jina la nyumba haumhakikishii mtumishi chochote. Kinachomhakikishia ni kile kilichoandikwa na kutekelezwa.

Ujuzi usizikwe na mwenye ujuzi

Kuna sehemu nyingine ya uongozi wa watu ambayo vikundi vingi husahau: kuandaa wa kupokea kijiti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya mbao jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki dunia mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Kwa kawaida sanaa ya mtu aliyeifanya kwa muda mfupi hivyo ingekufa naye. Haikufa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana wachache, baadhi yao wakiwa jamaa zake, wakiketi pamoja naye na kujifunza kwa kutenda. Wanafunzi hao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Leo mtindo huo unajulikana duniani kwa jina lake.

Taasisi ndogo ijiulize kila mwaka: ni nani peke yake anayejua jambo ambalo wote tunalihitaji? Akiugua kesho, nani anajua funguo zilipo, kitu hiki kilitoka kwa mzee gani, na hadithi yake ni ipi? Wazee waliofanya kazi ya mkonge kabla ya mashine mpya wanazidi kupungua. Kumweka kijana mmoja chini ya mzee mmoja, kwa utaratibu ulioandikwa na posho inayojulikana, ni mpango wa rasilimali watu wenye thamani kuliko kabati lolote.

Kisa cha Tingatinga kina funzo la pili. Jina likipata soko, wengi watalitumia. Ni vema mkataba kati ya taasisi na msanii useme waziwazi tangu mwanzo: kazi itakayofanyika ni mali ya nani, nani anaweza kuizalisha upya, na mapato yatagawanywaje. Suala la hakimiliki likiachwa bila kuandikwa, ugomvi huja siku ya faida, wakati ambapo kila mtu anakumbuka mazungumzo kwa namna yake.

Mfano wa kujifunzia: mlinzi wa chumba cha kumbukumbu

Turudi katika chumba chetu cha kufikirika. Kamati imempata mlinzi, kijana wa kitongoji cha jirani. Ameambiwa kwamba "anajitolea", na kila mwezi hupewa "posho". Analinda usiku sita kwa wiki, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kamati ndiyo inayompangia saa, imempa tochi, koti na filimbi, na hana kazi nyingine. Miaka minne imepita. Siku moja mwenyekiti mpya anamwambia, "Kuanzia leo usije, tumepata mwingine." Mwingine huyo ni mpwa wa mwenyekiti. Je, kijana huyu ana haki gani?

Hatua ya kwanza: je, ni mfanyakazi? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inatoa vigezo. Mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi, isipothibitishwa vinginevyo, iwapo kipo hata kimoja kati ya hivi: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Mlinzi wetu anatimiza karibu vyote. Neno "kujitolea" halibadilishi ukweli huo, wala kuuita mshahara "posho" hakuufanyi uwe kitu kingine.

Hatua ya pili: saa zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kijana huyu anakaa kazini saa 12 kwa usiku sita. Hata tukiondoa saa moja ya mapumziko kila usiku, anabaki na saa 66, yaani saa 21 zaidi ya kikomo kila wiki. Kwa wiki nne ni saa 84 za ziada, ilhali sheria inaruhusu zisizozidi 50 katika kipindi hicho, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Zaidi ya hayo, saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zinastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Jawabu la busara lilikuwa jepesi tangu mwanzo: kuajiri walinzi wawili wa kupokezana, au kupunguza usiku wa kulinda kulingana na uwezo wa mfuko.

Hatua ya tatu: kuondolewa kwake. Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini hawezi kuachishwa bila sababu halali na utaratibu wa haki. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya angalau siku 28 au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa angalau miezi 12, akiachishwa na mwajiri bila kosa la nidhamu lililothibitishwa, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kwa miaka minne ni mshahara wa siku 28. Anastahili pia malipo ya likizo ambayo hakupewa, na cheti cha utumishi.

Hatua ya nne, nayo ndiyo inayowaangusha wengi: muda. Anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki anapaswa kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu nzito. Kijana wetu akikaa miezi mitatu akisubiri wazee wamwombee kwa mwenyekiti, haki yake itakuwa imeingia mashakani. Usuluhishi wa wazee ni jambo la heshima na uendelee, lakini kalenda ya sheria haisimami kuusubiri.

Hatua ya tano: ushahidi. Kijana hana mkataba wa maandishi. Je, ameshindwa? La. Sheria inasema kwamba mwajiri asipoweza kutoa mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye mwajiri. Kamati iliyodhani kwamba kutokuandika kunailinda itagundua kwamba kumeiponza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi bila daftari hurudi na kesi.

Mambo saba ya kutekeleza katika kikundi au taasisi ndogo

1. Andika maelezo ya ajira. Sheria inataja yanayopaswa kuwamo: jina la mfanyakazi, umri, anwani ya kudumu na jinsi, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Karatasi moja inatosha. Mfanyakazi asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia dole gumba. Nakala ihifadhiwe kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha.

2. Tangaza nafasi waziwazi. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa kijiji, sifa zitajwe, na watu angalau watatu wasiwe na undugu na waombaji wakae kuwasaili. Mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa waombaji atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe katika muhtasari. Ni marufuku kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu, maambukizi ya VVU, maoni ya kisiasa au mahali anakotoka. Katika kata yenye watu wa asili mbalimbali kama yetu, kifungu hiki kina uzito wa pekee.

3. Tenganisha kujitolea na ajira. Anayejitolea kweli huja kwa hiari, kwa saa chache, na anaweza kuacha bila kuadhibiwa. Andika kipindi chake, kazi yake na nauli atakayorudishiwa. Ukianza kumpangia zamu na kumkaripia akichelewa, umekwisha kuwa mwajiri.

4. Lipa kwa wakati, na kwa kiwango halali. Malipo yasiwe chini ya kima cha chini kilichotangazwa na Serikali kwa sekta husika. Mfanyakazi asajiliwe NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi nusu yake. Mwajiri asajiliwe pia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Ngazi ikiteleza fundi akaanguka wakati wa kutundika picha, mfuko huo ndio utakaomsaidia.

5. Heshimu likizo. Mfanyakazi ana siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Mama mzazi ana siku 84, na 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Baba ana angalau siku tatu. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara.

6. Walinde watoto. Vikundi vingi vya ngoma na maigizo hutumia watoto. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyetimiza miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Onesho la usiku siku ya shule si malezi ya kipaji.

7. Bandika haki ukutani. Sheria inamtaka mwajiri kuweka maelezo ya haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Katika nyumba ambayo kazi yake ni kutundika vitu ukutani ili watu wasome, hakuna kisingizio cha kutokufanya hivyo.

Panapotokea kosa

Uongozi wa watu hupimwa siku ya kosa. Chungu cha miaka mingi kimevunjika mikononi mwa msafishaji. Kamati yenye hasira humfukuza papo hapo. Kamati yenye utaratibu humwita, humweleza tuhuma yake, humpa muda wa kujiandaa na nafasi ya kuja na mwenzake, humsikiliza, kisha huamua na kuandika sababu. Huenda ikabainika kwamba rafu ilikuwa imelegea na alikwisha kutoa taarifa mara mbili. Huenda ikabainika kwamba alikuwa mzembe kweli na anastahili onyo. Kwa vyovyote vile, watumishi wengine wanatazama, na wanachokiona siku hiyo ndicho kitakachowafanya kesho waseme ukweli au wafiche vigae chini ya mkeka.

Maswali ya kujadili kikundini

(a) Katika kikundi au taasisi yenu, ni watu wangapi wanaofanya kazi kwa saa zilizopangwa bila kuwa na karatasi yoyote yenye majina yao?

(b) Nani kati yenu ana ujuzi ambao hakuna mwingine aliye nao, na nani anajifunza kwake?

(c) Mara ya mwisho mlipompata mtumishi, nafasi ilitangazwa wapi? Nani alikaa kumsaili?

(d) Mlinzi au msafishaji wenu anaweza nini zaidi ya kazi mliyompa? Mmewahi kumwuliza?

Hatua ya kuchukua

Kikundi kinachotaka kusajiliwa kama shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kinaweza kusajiliwa katika ngazi ya wilaya. Kianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kikiwa na katiba yake na muhtasari wa kikao. Tunashauri katiba hiyo iwe na sura moja inayohusu watumishi, yenye mambo saba yaliyotajwa hapo juu. Mwenye mgogoro wa kazi apate ushauri mapema katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata, na asiache siku 30 zipite kabla ya kufika katika ofisi ya mkoa ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ushauri wa ofisi ya kata hausimamishi muda huo.

Kipande cha manamba kilikuwa na nafasi 30 za alama. Anayeajiri mtu leo anadaiwa karatasi ya aina nyingine, yenye jina la mtu huyo, kazi yake na haki zake, kabla hajashika ufunguo wa mlango.